Jinsi ya Kuandika Barua ya Rufaa kwa Mtu Mwenye Ulemavu

Mazungumzo na watu wenye ulemavu pamoja na wanaowatunza. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua wengine mmeletwa kwa baiskeli, wengine mmeongozwa kwa mkono, na wengine mmemwacha mgonjwa kwa jirani ili mje kusikiliza. Na wewe unayeisoma karatasi hii nyumbani, au unayesomewa na mtoto wa shule, jihesabu kuwa umekaa hapa pamoja nasi. Mimi ni mtoto kwenu. Lakini kazi ya jamii ninayoifanya imenipa nafasi ya kusoma barua nyingi za rufaa, na kukaa na watu wengi wakati wa kuziandika. Leo tuzungumze jambo moja tu: barua hiyo iandikweje ili mtu asiyekujua aielewe hali yako.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Sote tunajua jinsi mgao wa chakula ulivyopungua hapa Uganda. Mwezi wa Aprili 2020 ulishushwa hadi asilimia 70 ya mgao kamili. Februari 2021 ukashushwa hadi asilimia 60. Kisha Julai 2023 nyumba za wakimbizi ziligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, la wenye shida zaidi, lilipangiwa asilimia 60. Kundi la pili lilipangiwa asilimia 30. Kundi la tatu halikupangiwa kitu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipungua tena, na mwezi wa Mei karibu watu milioni moja waliondolewa kwenye mgao katika nchi hii.

Mtu mwenye nguvu akiondolewa anaumia, lakini anaweza kwenda kulima kibarua kwa wenyeji, kufyatua matofali au kubeba mizigo sokoni. Mtu asiyeweza kusimama, au asiyeona, au mama mwenye mtoto asiyeweza kuachwa peke yake, huyo hana pa kwenda. Kwake yeye, kuandikwa katika kundi lisilo lake ni sufuria tupu. Ndiyo maana rufaa yake inahitaji kuandikwa vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote.

MAKOSA HUINGIA WAPI

Nyumba zilipopangwa katika makundi, hakuna aliyekuja kukaa nawe siku nzima akaona unavyoishi. Kilichotazamwa ni yale yaliyoandikwa juu ya nyumba yako: mko wangapi, umri gani, nani mgonjwa, nani ana ulemavu. Kama yaliyoandikwa si kamili, uamuzi nao hautakuwa sawa. Mimi nimeona makosa yakiingia kwa njia nne.

Ya kwanza ni adabu yetu wenyewe. Mtu akituuliza habari, tunajibu "nzuri", hata kama tumelala na homa. Ndivyo tulivyolelewa. Basi karani anauliza: "Mzee, una shida ya kutembea?" Mzee anajibu: "Kidogo tu, tunamshukuru Mungu." Karani anaandika "kidogo". Baadaye nitawaeleza neno hilo linavyogharimu.

Ya pili ni aibu. Wazazi wengine walipoandikishwa hawakumtaja mtoto wa kifafa, au kijana ambaye akili yake haijatulia, kwa sababu waliogopa majirani waliokuwa kwenye mstari. Ambaye hakutajwa hajulikani ofisini.

Ya tatu ni mabadiliko. Uliandikishwa ukiwa mzima, ukaanguka au ukapatwa na kiharusi miaka miwili baadaye, na hakuna aliyepeleka habari hiyo.

Ya nne ni hesabu ya watu wazima. Inaonekana nyumba ina watu wazima wawili, kwa hiyo inafikiriwa kuwa ina wafanyakazi wawili. Haionekani kwamba mmoja hawezi kazi, na mwenzake hawezi kutoka kwa sababu anamtunza.

Kuomba uamuzi uangaliwe tena si utovu wa shukrani wala si ugomvi na ofisi. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinazitaka nchi ziwalinde watu wenye ulemavu wakati wa vita na maafa. Andika bila hofu, na pia bila matusi.

KWANZA: SOMA SABABU ULIYOPEWA

Watu wengi huanza kuandika kabla ya kujua wanajibu nini. Tafuta kwanza nyumba yako imewekwa kundi gani, kwa sababu gani, na mwisho wa kupokea rufaa ni tarehe gani. Kama umepewa karatasi au ujumbe wa simu, uhifadhi. Kama umeambiwa kwa mdomo tu, nenda kwenye meza ya malalamiko ukaulize sababu, kisha uandike siku uliyouliza na jibu ulilopewa. Usikisie.

Ukishaijua sababu, ijibu hiyo hiyo. Kama sababu ni kwamba nyumba yako ina watu wenye nguvu za kufanya kazi, kurasa tatu juu ya vita vya kwenu hazitajibu neno. Najua vita vile vinauma, na vina mahali pake pa kuandikwa. Lakini anayesoma rufaa ya chakula anatafuta jibu la swali moja: je, nyumba hii inaweza kujilisha?

PILI: MASWALI SITA YA KUJIULIZA

UNHCR na mashirika mengi hutumia maswali sita yaliyotungwa na kundi la wataalamu wa takwimu linaloitwa Washington Group, ambalo lilianzishwa mwaka 2001. Wakati mwingine hutumia maswali yanayofanana na hayo. Ni haya:

1. Je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani?
2. Je, una shida ya kusikia, hata ukitumia kifaa cha kusikilizia?
3. Je, una shida ya kutembea au kupanda ngazi?
4. Je, una shida ya kukumbuka au kutuliza mawazo?
5. Je, una shida ya kujihudumia, kama kuoga mwili mzima au kuvaa nguo?
6. Je, una shida ya kuelewana na watu kwa lugha yako ya kawaida, yaani kuwaelewa au kueleweka?

Majibu ni manne: sina shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa.

Tazameni, maswali haya hayaulizi jina la ugonjwa. Hayaulizi kama ulipigwa risasi au ulizaliwa hivyo. Yanauliza unaweza kufanya nini na huwezi kufanya nini. Na kwa kawaida anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa", hata katika swali moja tu. Aliyejibu "kidogo" hahesabiwi. Sasa mnaona yule mzee aliyejibu kwa adabu alivyojitoa mwenyewe.

Sisemi mtu aongeze. Nasema ajibu kama ilivyo. Ujibu juu ya mwili wako peke yako. Kama unaoga kwa sababu binti yako anakuogesha, jibu si "ninaoga". Jibu ni "siwezi kuoga mwenyewe, binti yangu ananiogesha kila siku".

Pitia maswali yote sita kabla ya kuandika. Kwa kila swali lenye shida kubwa, andika mistari miwili au mitatu. Maswali yasiyokuhusu yaache.

TATU: ANDIKA SIKU KUMI NA NNE

Magonjwa mengi hayako sawa kila siku. Leo unatembea hadi kanisani au msikitini, kesho huwezi kuinuka. Jirani akikuona Jumapili anasema ni mzima, na karani akija siku nzuri anaandika kuwa unaweza. Ukiandika "wakati mwingine ninaumwa", msomaji hajui kama ni mara moja kwa mwezi au kila siku.

Chukua daftari la shule, chora mistari, uandike siku kumi na nne. Kila jioni andika mambo matatu: leo nimeshindwa nini, nani amenisaidia, na alitumia muda gani. Asiyejua kuandika amwambie mtoto aandike. Kwa mwenye kifafa andika kila siku aliyoanguka, saa ngapi, na alianguka wapi. Kwa mwenye ugonjwa wa akili andika usiku ambao hakulala, siku aliyotoka akapotea, na nani alimtafuta.

Mwisho utaweza kuandika hivi: "Katika siku 14, siku 5 sikuweza kutoka kitandani." Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko. Lakini kama tarehe ya mwisho iko karibu, usisubiri siku zote kumi na nne. Peleka barua na siku ulizo nazo.

NNE: HESABU NA UPIME

Neno "mbali" halina maana kwa mtu anayekaa ofisini. Hesabu hatua kutoka mlangoni hadi bomba. Taja unapumzika mara ngapi njiani. Jerikani la lita 20 likijaa lina maji ya kilo 20: je, unaweza kulibeba? Kama huwezi, unaweza la lita 5? Unalipa nani akutekee, na kwa shilingi ngapi? Choo kiko umbali gani, na unaweza kuchuchumaa? Siku ya mgao unafika vipi, na boda boda inachukua kiasi gani? Kama hukumbuki bei kamili, andika unayokumbuka na useme "kama".

TANO: USIMSAHAU ANAYETUNZA

Hapa ndipo barua nyingi zinapopungukiwa. Watu huandika juu ya mgonjwa tu, na kumbe sababu waliyopewa inahusu watu wazima waliobaki ndani ya nyumba.

Andika siku ya mtunzaji tangu asubuhi hadi usiku. Anamwamsha nani, anamlisha, anamgeuza mara ngapi ili asipate vidonda, anafua nguo mara ngapi kwa wiki. Andika kazi aliyokuwa akifanya zamani na ile aliyoiacha. Kama mtoto anakosa shule ili abaki na mgonjwa, taja darasa lake na siku anazokosa. Ofisi ikiona kwamba ulemavu wa mtu mmoja umewafunga watu wawili au watatu, itaelewa kwa nini nyumba yenye "watu wenye nguvu" inalala njaa.

BARUA MBILI ZA MFANO

Hizi nimezitunga mwenyewe, si za mtu yeyote. Ya kwanza inafanana na nyingi tunazoziona:

"Mheshimiwa, mimi ni mkimbizi mnyonge niliyeteseka sana. Nina ulemavu wa mguu. Maisha ni magumu mno, watoto wanalia njaa. Ninyi ndio baba na mama yetu. Naomba mnihurumie mnirudishe kwenye chakula. Mungu awabariki."

Kila neno hapo ni kweli. Lakini majirani zake wote wanaweza kuandika maneno hayo hayo, na msomaji hana namna ya kumtofautisha huyu na wao. Sasa someni ya pili:

"YAH: RUFAA JUU YA KUNDI LA NYUMBA YANGU

Mimi ni (jina), namba yangu ya karatasi ya familia ni (namba), kijiji cha (jina). Nyumba yetu ina watu watano. Naomba uamuzi wa tarehe (tarehe), ulioiweka nyumba yangu katika kundi la tatu, uangaliwe upya.

Niliambiwa sababu ni kwamba nyumba ina watu wazima wawili wenye nguvu za kufanya kazi. Hali ya nyumba yangu si hiyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, mimi siwezi kazi ya kusimama. Goti langu la kulia halikunjiki. Ninatembea kwa magongo mawili. Kutoka mlangoni hadi bomba ni hatua kama 600 na ninapumzika mara nne. Siwezi kubeba maji kwa sababu mikono yote miwili imeshika magongo. Siwezi kuchuchumaa chooni bila kushikwa. Nimeandika siku 14. Siku 5 kati ya hizo sikutoka kitandani kwa maumivu.

Pili, mke wangu ndiye anayenitunza. Ananiogesha, ananipeleka chooni mchana na usiku, anateka maji na kutafuta kuni. Zamani alilima kibarua siku tano kwa wiki. Sasa anakwenda siku moja, na siku hiyo mtoto wetu wa miaka 11 anakosa shule ili abaki nami. Fedha ya siku hiyo moja ndiyo pekee inayoingia nyumbani.

Nilipoandikishwa nilikuwa bado natembea bila magongo. Hali hii ilianza baadaye na haijaandikwa kwenye taarifa zangu.

Naambatanisha kopi ya daftari la matibabu, siku 14 nilizoandika, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Naomba taarifa zangu zirekebishwe na nyumba yangu ipangwe upya. Kama kuna shaka, naomba mje nyumbani mwone.

Sahihi au dole gumba. Tarehe."

Barua hii haikuomba huruma hata mara moja. Ilijibu sababu aliyopewa, ikaeleza nini kimebadilika, ikataja fedha inayoingia bila kuificha, ikasema wazi inaomba nini. Na imeingia katika ukurasa mmoja.

Msinakili maneno ya barua hii. Barua ishirini zenye hatua 600 na magoti yasiyokunjika zikifika ofisini siku moja, zote zitatiliwa shaka, hata ya mwenye goti. Chukueni mpango wake, mwandike maisha yenu.

ULEMAVU USIOONEKANA NA ULEMAVU WA WATOTO

Mwenye gongo anaonekana. Kiziwi, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili, mwenye maumivu ya mgongo, hao wakiingia ofisini wanaonekana wazima. Barua yao inahitaji mifano zaidi. Kwa mfano: "Siwezi kumwacha karibu na moto, kwa sababu alishaanguka kwenye jiko akaungua mkono." Au: "Hasikii akiitwa, kwa hiyo siku ya mgao jina lake lilipoitwa hakujua." Eleza hatari unayoizuia kila siku, kwa kuwa mtu wa nje haioni.

Kwa mtoto, mlinganishe na watoto wa rika lake. Kila mtoto wa mwaka mmoja analishwa na kubebwa, kwa hiyo "hawezi kula mwenyewe" peke yake haitoshi. Andika: "Ana miaka 9. Bado ninamlisha na kumbeba mgongoni. Mdogo wake wa miaka 5 anakula mwenyewe na kwenda chooni mwenyewe." Hapo hakuna anayehitaji kueleza zaidi.

Na jambo hili nalisema kwa heshima. Barua ni ya mwenye ulemavu. Kama anaweza kusema, aulizwe yeye kwanza, asisemewe. Kama ni kiziwi, tafuteni anayeelewa ishara zake. Mara nyingi mwenye mwili anajua mambo ambayo hata mkewe hayajui. Na tusiandike "kilema" wala "kichaa" kumhusu ndugu yetu. Tuandike anachoshindwa kufanya.

VITHIBITISHO NA MASHAHIDI

Daftari la matibabu ni kithibitisho. Lisitupwe likijaa. Kurasa za tarehe muhimu zipigwe kopi. Ukienda kituo cha afya kuomba barua, usiseme tu "niandikieni kuwa ni mgonjwa". Mwombe daktari au muuguzi aandike mambo matatu: shida ni nini, inakuzuia kufanya nini, na kama inatazamiwa kupona au la. Kama hukupata barua hiyo, usikae bila kukata rufaa. Peleka uliyo nayo, na useme nyingine unaifuatilia.

Shahidi anaweza kuwa mwenyekiti wa kijiji, mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji au jirani. Shahidi mzuri hasemi "namjua, ni mtu mwema". Anasema alichokiona kwa macho: "Ninakaa nyumba ya tatu. Kila asubuhi ninaona mke wake akimbeba kwenda chooni." Mistari mitano inatosha, pamoja na jina lake, sahihi na tarehe.

KUPELEKA BARUA

Asiyejua kuandika amtafute mtu wa kumwandikia, lakini kabla ya kuweka dole gumba asomewe barua yote kwa sauti. Kama kuna neno si lake, lifutwe. Kisha:

- Hakikisha jina na namba ni sawasawa na zilivyo kwenye karatasi ya familia.
- Piga kopi ya kila kitu. Ofisini peleka kopi za matibabu, si daftari lenyewe.
- Omba kopi yako iandikwe tarehe ya kupokelewa, na jina la aliyepokea au muhuri.
- Kama mwenye ulemavu hawezi kufika, mtu mwingine apeleke akiwa na maandishi kwamba ametumwa.
- Weka kopi yako ndani ya nailoni, mbali na mvua na panya.

Wakija kukutembelea nyumbani, msikae kama wageni wa harusi, wala msiigize ugonjwa. Kaeni kama mnavyokaa kila siku. Ukiulizwa, jibu la kwanza lisiwe "nzuri". Salimiana nao kwa adabu, halafu sema hali yako kama ulivyoiandika. Wakikuta barua inasema jambo moja na nyumba inaonyesha jingine, hata yaliyo kweli hayatasadikiwa tena. Kwa hiyo kama una kibanda cha nyanya, kiandike. Kama kaka yako hukutumia fedha mara moja moja, iandike, na useme ni mara ngapi.

TAHADHARI

Rufaa ni bure. Fomu ni bure. Meza ya malalamiko ni bure. Kuna watu wanaopita wakisema wanamjua mkubwa fulani, na kwamba kwa shilingi kadhaa watakuhamisha kundi. Hakuna kundi linalouzwa. Ukiombwa fedha, au kitu kingine chochote kisicho fedha, iwe na mfanyakazi wa shirika, mwenyekiti au hata sisi wa kazi ya jamii, kataa, na utoe habari kwa namba ya simu ya bure iliyobandikwa kwenye ubao. Dada zetu hasa wasikubali kuambiwa "njoo jioni tuongee".

MWISHO

Nisiwadanganye. Barua nzuri haileti chakula ambacho hakipo ghalani. Fedha zikipungua, hata mtu mwenye haki anaweza kujibiwa hapana. Ukijibiwa hivyo, omba sababu, uiandike, na uulize kama kuna ngazi nyingine ya kupeleka. Hali yako ikibadilika, toa habari mapema bila kungoja rufaa nyingine.

Hata hivyo rufaa si kazi ya bure. Taarifa zako zikirekebishwa leo, zinakaa. Kesho likija suala la choo kilicho karibu, kiti cha magurudumu, ukarabati wa nyumba au mgao mwingine, jina lako litaonekana pamoja na hali yako ya kweli. Lakini lisipoandikwa, utaanza upya kila mara.

Tufanye hivi wiki hii. Kila mmoja wetu anayejua kusoma na kuandika amchukue jirani mmoja asiyejua. Akae naye, ampitishe katika maswali sita, ahesabu naye hatua za kwenda bomba, amwanzishie daftari la siku kumi na nne. Wiki ijayo, siku na saa kama hizi, tutakutana hapa hapa na barua zetu. Tutazisoma moja baada ya nyingine kabla hazijapelekwa. Anayetaka barua yake isisomwe mbele ya watu aje kwangu tukae pembeni. Siri yake ni yake.

Kama kuna maswali, sasa ni nafasi yenu, wazee kwanza.